Wanyama wa Nyumbani na Joto la Kaskazi: Maelezo kwa Wanaoteremsha Wanyama kutoka Lushoto

Msimu wa kaskazi, unaoanza mwezi wa Disemba na kuendelea hadi Machi, ndio msimu wa joto kali katika Visiwa vya Unguja na Pemba na katika mwambao mzima wa Afrika Mashariki. Katika miezi hiyo binadamu hujitafutia nafuu mwenyewe: hukaa barazani penye upepo, huoga mara mbili kwa siku, na usiku hulala madirisha yakiwa wazi. Mnyama aliyefungwa kamba, aliyefungiwa bandani au aliyeachwa ndani ya gari hana uwezo huo. Kivuli chake, maji yake na upepo wake vimo mikononi mwa mtu aliyemfunga.

Makala haya yanaeleza namna ya kumhifadhi mnyama wa nyumbani katika joto hilo, awe ng'ombe wa maziwa, mbwa, paka, sungura au kuku. Yanamzingatia zaidi mnyama anayeteremshwa kutoka milimani Lushoto na kuletwa Pwani au Visiwani, kwa kuwa huyo ndiye aliye katika hatari kubwa kuliko wengine wote.

LUSHOTO NA PWANI

Mji wa Lushoto uko katika milima ya Usambara Magharibi, mkoani Tanga, kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Wakati wa utawala wa Wajerumani mji huo uliitwa Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao, na Wazungu waliochoshwa na joto la chini walipanda huko kupumzika. Kwa kawaida hewa hupoa kwa takriban digrii 6 kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Kwa hesabu hiyo, anayeteremka kutoka Lushoto hadi ufukweni hukuta hewa yenye joto la zaidi ya digrii 8 kuliko ile aliyoiacha.

Ieleweke kwamba tofauti hiyo si ya mchana peke yake. Usiku wa Lushoto ni wa baridi, na mnyama aliyepatwa na joto mchana hulitoa usiku na kuamka mwili wake umetulia. Visiwani, katika mwezi wa Februari, joto la mchana hufikia digrii 32 au 33, na usiku huteremka hadi kiasi cha digrii 25 tu. Mwili haupati muda wa kupoa, na joto la leo hulikuta la jana bado limo.

Jambo la pili ni unyevu wa hewa. Kila mwenye nyumba anajua kwamba nguo zilizoanikwa siku ya fukuto lisilo na upepo hazikauki upesi, hata kama joto ni kali. Jasho la mnyama na mvuke wa pumzi zake hufuata kanuni hiyo hiyo. Mwili hupoa pale maji yanapokauka juu yake. Hewa ikiwa imeshiba unyevu, maji hayakauki, na mwili haupoi. Hii ndiyo sababu digrii 32 za Unguja humwelemea mnyama kuliko digrii 32 za nchi kavu ya bara.

NAMNA MWILI WA MNYAMA UNAVYOTOA JOTO

Wanyama wengi wa nyumbani hawatoi jasho kama binadamu. Mbwa hutoa jasho kidogo sana, nalo ni katika nyayo zake. Nafuu yake kubwa ni kuhema kwa nguvu, ulimi ukiwa nje. Paka hujilamba manyoya ili mate yake yakikauka yampoze. Sungura hutoa joto kupitia masikio yake marefu. Kuku hana jasho kabisa. Hupanua mbawa na kuhema mdomo ukiwa wazi. Ng'ombe hutoa jasho, lakini halitoshi, hivyo naye huongeza kasi ya pumzi.

Joto la kawaida la mwili wa ng'ombe ni takriban digrii 38.5, la mbwa na paka ni kati ya digrii 38 na 39, na la kuku hukaribia digrii 41. Mbwa ambaye mwili wake umepita digrii 41 yumo katika hatari ya kufa, kwani viungo vya ndani huanza kuharibika. Kati ya uzima na hatari hiyo pana digrii 2 au 3 tu, na mwendo huo huweza kukatwa katika muda mfupi sana.

NG'OMBE WA MAZIWA

Wakulima wa Lushoto wana uzoefu mkubwa wa kufuga bandani. Katika miaka ya 1980 mradi wa hifadhi ya udongo na kilimo mseto, uliojulikana kwa kifupi kama SECAP, uliwahimiza kupanda majani ya gwatemala katika makingo ya mashamba ya miteremko. Majani hayo yalizuia udongo usichukuliwe na mvua, na hapo hapo yakawa lishe ya ng'ombe anayekatiwa majani na kulishwa bandani. Ufugaji wa namna hiyo unafaa pia Visiwani, ambako ardhi ni finyu.

Kwa upande wa Unguja, kikwazo kikubwa cha zamani kilikuwa ni mbung'o, mdudu anayeeneza ugonjwa wa nagana. Kati ya mwaka 1994 na 1997 zaidi ya mbung'o milioni 8 wa kiume waliotasishwa kwa mionzi walimwagwa kwa ndege juu ya kisiwa hicho. Wadudu hao walizalishwa katika kituo cha utafiti kilichopo Tanga. Majike waliokutana nao hawakuzaa, kizazi kikakatika, na mwaka 1997 Unguja ikatangazwa kuwa imesafika. Mbung'o ameondoka, joto limebaki, nalo haliondolewi kwa ndege. Huondolewa na kila mfugaji ndani ya banda lake.

Ng'ombe wenye damu ya kigeni, hasa Friesian, asili yao ni nchi za baridi. Joto la hewa linapopita digrii 25 huanza kusumbuka. Ng'ombe wa maziwa mengi husumbuka zaidi kuliko wa maziwa machache, kwa sababu kazi ya kusaga chakula kingi na kutengeneza maziwa yenyewe huzalisha joto mwilini. Ili kulipunguza, ng'ombe hujizuia kula. Akipunguza kula maziwa hupungua, joto la kupandwa halionekani vizuri, na mimba hukataa kushika. Mfugaji asiyejua sababu hudhani ameuziwa mnyama mbovu, kumbe mnyama ni mzima na banda ndilo bovu.

Anayenunua mtamba milimani kwa ajili ya kufuga Visiwani ni vyema achague mwenye mchanganyiko wa damu ya kigeni na ya zebu wetu wa asili, ambaye huvumilia joto kuliko Friesian halisi. Ng'ombe wa aina ya Jersey nao huvumilia joto kuliko Friesian. Mtamba mwenye mimba iliyokaribia kuzaa asisafirishwe kabisa.

SAFARI YENYEWE

Wakati bora wa kuteremsha mnyama ni miezi ya kusi, kuanzia Juni hadi Agosti, Pwani inapokuwa na ubaridi. Mnyama aliyefika wakati huo hupata miezi kadhaa ya kuzoea kabla ya kaskazi kuanza. Anayeteremshwa mwezi wa Januari au Februari huingizwa katika joto kali siku ile ile ya kufika.

Barabara ya Lushoto hupitia Soni na kuteremka hadi Mombo kwa mwendo wa kilomita 30 na kitu. Katika mwendo huo mfupi mnyama hushuka karibu mita 1,000. Aliyepakiwa asubuhi kwenye ukungu hujikuta Mombo jua likiwa utosini, na safari ya Korogwe, Segera, Muheza na Tanga bado iko mbele yake. Ndipo hatari ilipo: si wakati gari linakwenda, bali wakati linaposimama. Gari likienda upepo hupita. Likisimama kwa ajili ya chakula cha dereva, tairi au ukaguzi, wanyama waliosongamana hupashana joto wao kwa wao.

Kwa hiyo safari ianze jioni au alfajiri mapema, ili sehemu ya tambarare ivukwe kabla ya saa 4 asubuhi. Wanyama wasibanwe, pawepo nafasi ya hewa kupita kati yao. Wanyweshwe kabla ya kupakiwa, na maji yachukuliwe ndani ya gari kwa ajili ya njiani. Turubai lifungwe juu kwa kivuli, lakini ubavuni paachwe wazi. Gari likilazimika kusimama, lisimame chini ya mti. Katika chombo cha baharini mnyama asifungwe juu ya sitaha bila ya kivuli, wala asifungiwe chini pasipo hewa.

Msafirishaji hana budi kuwa na kibali cha kusafirisha mifugo kutoka kwa Ofisa Mifugo wa mahali anapotoka, na kwa mbwa au paka, hati ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Karatasi ziwe tayari kabla ya safari. Kila saa inayopotea kwa kutafuta muhuri, mnyama huilipa akiwa juani. Kwa Tanzania Bara, ambako safari huanzia, Sheria ya Ustawi wa Wanyama Namba 19 ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama na msafirishaji wake wajiepushe na kumtesa mnyama.

Husemwa kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa mnyama wa milimani siku mbili hazitoshi. Mwili wake huhitaji wiki kadhaa kuzoea joto. Katika muda huo asitembezwe mchana, asichanjwe wala kuogeshwa dawa bila ya ushauri, na abadilishiwe majani kidogo kidogo.

BANDA NA KIVULI

Milimani mfugaji hujikinga na baridi, na banda lake hulijenga kwa nia hiyo. Pwani nia ni kinyume chake. Banda linalofaa Lushoto mwezi wa Julai halifai Unguja mwezi wa Februari.

Banda la Pwani liwe refu kwenda juu na wazi ubavuni. Mgongo wa paa uelekee mashariki na magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni lisipenye ndani kwa urefu wa banda. Makuti ni bora kuliko mabati, kwani bati lililopigwa na jua huteremsha joto lake juu ya mgongo wa mnyama. Aliyekwisha kuezeka kwa mabati anaweza kuyafunika kwa makuti juu yake. Mwembe au mti mwingine wa majani mengi ni kivuli kizuri kuliko paa lolote, maana hewa iliyo chini yake hupozwa na majani yenyewe.

Mnyama afungwe mahali ambapo kivuli hakitamkimbia. Mbuzi aliyefungwa saa 2 asubuhi upande wa magharibi wa nyumba yumo kivulini. Saa 8 mchana yumo juani, na kamba haimruhusu kukifuata kivuli kilichohamia upande wa pili. Kosa hili ni dogo kwa kulitazama, na ni la kila siku.

MAJI NA CHAKULA

Ng'ombe anayekamwa hunywa madebe 3 hadi 5 kwa siku wakati wa joto, yaani kiasi cha lita 60 hadi 100. Maziwa yenyewe kwa sehemu kubwa ni maji. Asiyepewa maji hawezi kuyatoa. Maji yawepo hapo hapo bandani mchana na usiku, yakiwa safi na kivulini. Ndoo iliyoachwa juani hupata moto hadi mnyama akaikataa, na mwenyewe akadhani hana kiu.

Kwa Waislamu jambo hili si geni. Ni mashuhuri Hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake na kumnywesha mbwa aliyekuwa akila udongo kwa kiu, naye akasamehewa madhambi yake. Kumnywesha mnyama ni wajibu kabla ya kuwa hisani.

Chakula kingi kitolewe jioni na alfajiri. Kusaga chakula huongeza joto la mwili, na joto hilo ni afadhali lije usiku kuliko adhuhuri. Jiwe la chumvi liwepo, kwa kuwa mnyama hupoteza chumvi anapotoka jasho na udenda. Punda na ng'ombe wa gari wafanye kazi kabla ya saa 4 asubuhi na baada ya saa 10 jioni, na kati ya saa hizo wafunguliwe na wapumzishwe.

MBWA, PAKA, SUNGURA NA KUKU

Mbwa mwenye manyoya mazito, aliyenona, aliyezeeka au mwenye pua fupi huelemewa mapema zaidi. Mbwa wa ulinzi asifungwe mnyororo juani mchana kutwa. Asitembezwe juu ya lami adhuhuri. Mwenye mbwa aweke kwanza mgongo wa kiganja chake juu ya lami, na akishindwa kuuacha kwa sekunde chache, ajue kwamba nyayo za mbwa nazo zitaungua.

Mbwa au paka asiachwe kamwe ndani ya gari lililofungwa, hata kwa muda wa kuingia ofisini na kutoka. Joto ndani ya gari lililo juani huongezeka kwa takriban digrii 10 katika dakika 10 za mwanzo, na kufungua kioo kidogo hakusaidii sana. Ikiwa nje ni digrii 32, ndani zitafika zaidi ya 40 kabla ya mwenye gari kumaliza kusalimiana na watu.

Paka hujua kutafuta mahali penye ubaridi, mradi milango isifungwe. Paka anayehema mdomo wazi kama mbwa ni mgonjwa, apelekwe kwa daktari. Sungura, ambao huzoea baridi kwa wepesi kuliko joto, wawekwe chini ya mti, na chupa ya maji baridi iliyofungwa kitambaa iwekwe ndani ya kibanda ili waegemee. Kuku wapunguzwe idadi bandani, waongezewe vyombo vya maji, na wasilishwe wakati wa joto kali. Joto likipita digrii 30 kuku hula kidogo na mayai hupungua. Fukuto likizidi, huweza kufa wengi kwa mchana mmoja.

DALILI NA HUDUMA YA KWANZA

Dalili za kuzidiwa na joto ni kuhema kwa kasi, kutokwa na udenda mwingi, ufizi kuwa mwekundu sana kisha kupauka, kutapika, kupepesuka na hatimaye kuanguka. Kwa ng'ombe, mfugaji atazame ubavu na kuhesabu pumzi kwa dakika moja. Zikipita 60, ng'ombe anasumbuliwa na joto. Akihema mdomo wazi na ulimi nje, hali ni ya hatari.

Mnyama huyo ahamishiwe kivulini mara moja. Amwagiwe maji ya baridi ya kawaida mwili mzima, hasa tumboni na miguuni, na apepewe bila ya kukoma, kwani upepo ndio unaokausha maji na kuondoa joto. Asifunikwe kwa kitambaa kilicholowa na kuachwa, maana kitambaa hupata moto na kuzuia hewa. Apewe maji ya kunywa kidogo kidogo ikiwa ana fahamu. Asimiminiwe mdomoni kwa nguvu, yasije yakaingia mapafuni. Apozwe kwanza, kisha apelekwe kwa daktari wa mifugo, hata kama ameinuka, kwa sababu madhara ya ndani huweza kudhihirika baadaye.

Tahadhari tatu ni muhimu. Kwanza, mnyama asipewe dawa za binadamu za kuteremsha homa. Kidonge cha parasetamo ni sumu kwa paka na huweza kumuua. Pili, ng'ombe mwenye joto kali huenda akawa na ndigana inayoenezwa na kupe, wala si joto la hewa. Ikiwa amepozwa na hali haikubadilika, daktari aitwe haraka. Tatu, mbwa asiyejulikana anayetokwa na udenda na kupepesuka huenda ana kichaa cha mbwa. Asikaribiwe wala kuguswa. Taarifa itolewe kwa Sheha au kwa Ofisa Mifugo. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

YANAYOSISITIZWA

Watumishi wanaohamishwa na wananchi wote wanaofuga wanaombwa kuzingatia yafuatayo:

1. Wanyama wa milimani wateremshwe katika miezi ya kusi, na safari iwe ya usiku au alfajiri.

2. Ushauri wa Ofisa Mifugo utafutwe, na banda litayarishwe, kabla ya kununua mnyama.

3. Maji yawepo wakati wote, na kivuli kiangaliwe asubuhi, adhuhuri na jioni.

4. Mnyama asiachwe ndani ya gari lililofungwa.

5. Mnyama aliyezidiwa apozwe papo hapo kabla ya kusafirishwa kwenda kwa daktari.

Mengi kati ya haya hayahitaji fedha. Yanahitaji kuangalia tu: kutoka nje saa 8 mchana, jua linapokuwa kali, na kutazama kama kivuli bado kiko pale alipofungwa mnyama asubuhi.